Naomba ushauri: rada ya tangi la molasi imekwama mita 5.6

Wadau, hasa mafundi wa vipimo huku ukanda wa miwa, Muhoroni hadi Mumias.

Tangi la chuma, kimo mita 9, kipenyo 6. Rada, inayopima kimo cha molasi kwa mwangwi wa mawimbi kutoka juu, ni ya gigahezi 26, mwale wa nyuzi 10 hivi, imefungwa kwenye shingo (bomba fupi la paa la tangi) iliyo sentimita 50 tu kutoka ukutani. Molasi ikishuka chini ya mita 5.6, usomaji unaganda hapo hapo. Utepe wa kupimia kwa mkono unaonyesha 3.2, waya wa ishara (miliampea 4 hadi 20 kwa mita 0 hadi 9) unatoa karibu miliampea 14, yaani rada yenyewe inaamini ni 5.6. Waya hauna kosa.

Nashuku bano (chuma kinachoshikilia) la ngazi ya ndani, lililo mita 3.4 chini ya rada. Kwenye sakafu ya tangi mwale hutanuka hadi kama mita 1.6, kwa hiyo lazima ugonge ukuta. Ramani ya mwangwi wa uongo (orodha ya vizuizi ambavyo rada huambiwa ivipuuze) ilirekodiwa molasi ikiwa mita 7, bano limezama! Kazi bure.

Sasa: nisubiri tangi liwe tupu nirekodi upya, au nihamie gigahezi 80, mwale nyuzi 4? Hofu yangu ni povu, maana likiwa zito humeza mawimbi. Rada ya fimbo (mawimbi hupita kwenye fimbo iliyozama) sitaki, molasi itagandamana juu yake. Kipima shinikizo nacho hudanganywa uzito wa molasi kwa kila lita ukibadilika.

Aliyewahi kusogeza shingo, umbali gani kutoka ukutani ulitosha?