Philip Augustus, Louis IX au Philip IV: nani aliongeza zaidi nguvu za taji la Ufaransa?

Mchungulia_Enzi:
Heshima kwenu wakuu. Kati ya Philip II Augustus (1180–1223), Louis IX (1226–1270) na Philip IV (1285–1314), mnampa nani? Mimi nampa Philip IV. Aliamuru Watempla, watawa wapiganaji wa vita vya msalaba, wakamatwe nchi nzima siku moja, 13 Oktoba 1307, na aligombana na Papa Boniface VIII mpaka Papa akavamiwa nyumbani kwake Anagni.

Binti_Kasri:
Mkuu, ubabe ni kitu kingine na kupanua nchi ni kitu kingine. Augustus alirithi eneo dogo tu la Paris na Orléans, huku mfalme wa Uingereza akishika Normandie, Anjou na Aquitaine humohumo Ufaransa. Sasa tazama alivyomnasa John, mfalme wa Uingereza. Mwaka 1200 John alimwoa Isabella wa Angoulême, aliyekuwa mchumba wa Hugh wa Lusignan, mkabaila wa Ufaransa. Kina Lusignan wakaenda kushtaki kwa Philip, maana kwa ardhi zile John alikuwa chini yake kwa kiapo. Mwaka 1202 John akaitwa kwenye baraza la Philip, hakutokea, ikatoka hukumu kwamba ananyang'anywa. Jeshi la Philip lilikwenda likiwa na hukumu mkononi! Château Gaillard, ngome ya Richard, kaka yake John aliyetawala kabla yake, juu ya mto Seine, ikaanguka Machi 1204 baada ya kuzingirwa miezi kadhaa. Rouen, mji mkuu wa Normandie, ikasalimu amri Juni.

Karani_wa_Zamu:
Naunga mkono, ila mnawasahau watendaji. Zamani maprevo, wasimamizi wa mfalme mikoani, walilipia vyeo vyao, kwa hiyo waliwakamua raia ili hela irudi. Augustus akaweka juu yao mabailifu, maofisa wakubwa wa mshahara, anaowaondoa akitaka, na hesabu wanaileta Paris mara tatu kwa mwaka. Halafu mwaka 1194 Richard alimshtukiza kule Fréteval, akateka mizigo pamoja na nyaraka ambazo mfalme alikuwa akizunguka nazo. Tangu hapo nyaraka zikatunzwa Paris. Philip IV alikuta ofisi tayari inafanya kazi.

Mchungulia_Enzi:
Na mapigano ya Bouvines je? Mbona ndiyo inayotajwa kila mahali?

Binti_Kasri:
Bouvines (27 Julai 1214) ililinda kilichokwisha kutwaliwa. Kaisari Otto IV, mshirika wa John, alikimbia, na Ferrand, mtawala wa Flanders, akafungwa kwenye ngome ya Louvre, Paris. Kule Courtrai mwaka 1302, jeshi la Philip IV wako lilichapwa na askari wa miguu wa Flanders. Jimbo la Champagne nalo alilipata kwa kuoa.

Mpole_wa_Pwani:
Jamani, Louis mnampita mbio. Kwa mkataba wa 1259 alimwachia Henry III, mfalme wa Uingereza, baadhi ya ardhi, washauri wake wakanung'unika. Lakini Henry naye aliachia rasmi Normandie, Anjou, Maine, Touraine na Poitou, na akala kiapo cha utii kwa ajili ya Gascogne, ardhi ya kusini-magharibi aliyobaki nayo. Babu alitwaa kwa upanga, mjukuu akapata hati.

Mchungulia_Enzi:
Hapo kwenye Gascogne ndipo naona walijitegea bomu. Mfalme mzima kumpigia magoti mfalme mwenzake, nani angevumilia?

Karani_wa_Zamu:
Hakuna. Mwaka 1337 Philip VI wa Ufaransa alitangaza kumnyang'anya Edward III wa Uingereza ardhi hiyo, kwa mtindo uleule wa 1202. Safari hii Mwingereza hakunywea kama John. Vita hivyo, vinavyoitwa Vita vya Miaka Mia, vilikwenda mpaka 1453. Kura yangu bado ni Augustus.