Nimepigwa kamera ya tumbo nikiwa bado kwenye dawa, halafu naambiwa sina ugonjwa

Wadau mnisamehe uzi ni mrefu ila nimefika mwisho. Miaka miwili kiungulia kinanichoma, na sio kile cha kushiba sana kikapita, hiki ni kila siku, usiku nikilala chali maji machachu yanapanda mpaka kooni nashtuka nakohoa kama nimepaliwa, sasa hivi nalala nimeegemea mito mitatu. Asubuhi sauti imekauka, meno yana ganzi.

Kila nikienda hospitali ni vidonda vya tumbo, hata dakika tano hatujaongea omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) imeshaandikwa. Hakuna aliyewahi kuniambia hiyo dawa inamezwa nusu saa mpaka saa moja kabla ya kula, mimi nilikuwa nameza ndo naenda kulala tumbo limejaa. Miaka miwili jamani!

Mwezi uliopita ndo nikaandikiwa endoskopi, yaani hiyo kamera ya tumbo. Maelekezo: usile kuanzia usiku. Basi. Natumia dawa gani, hakuna aliyeuliza. Siku yenyewe nikapuliziwa ile dawa chungu ya ganzi kooni, nikalazwa ubavu wa kushoto, nikang'ata kile kiplastiki cha mdomoni, mpira ukaanza kushuka nikawa nataka kutapika na hakuna cha kutapika, machozi yanatiririka, nesi kanishika bega ananiambia pumua taratibu, pumua kwa pua (huyo nesi Mungu ambariki, ndo pekee aliyeniona mtu siku ile). Dakika chache imeisha. Majibu: umio (njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni) safi, tumbo safi, H. pylori (bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo) hakuna. Daktari hata hajainua macho kwenye karatasi ananiambia huna ugonjwa, punguza mawazo.

Punguza mawazo??

Nikatafuta daktari mwingine, swali lake la kwanza kabisa, ulipopimwa ulikuwa umeacha dawa? Nikamwambia hapana, nilimeza mpaka jana yake. Akanyamaza kwanza. Kumbe hizo dawa zinapunguza asidi na michubuko ya umio inapona, sasa kamera itakuta nini? Kwa mtu kama mimi ambaye dawa hazimtulizi na ugonjwa haujawahi kuthibitishwa, inashauriwa aache wiki 2 mpaka 4 kabla ya kipimo, ikiwa hali yake inaruhusu. H. pylori nayo ni hivyohivyo, angalau wiki 2 bila hizo dawa na wiki 4 bila antibaiotiki, la sivyo bakteria wanapungua kipimo kinasema hakuna na kumbe wapo. Yaani hata hiyo "hakuna" yangu siwezi kuiamini.

Na kilichoniuma zaidi ni hiki: hata ungeacha dawa, watu wengi tu wanaopandwa na asidi kamera inawakuta umio safi. Kamera inaona vidonda, inaona umio lililobana, inaona saratani, ila haiwezi kuona asidi inapanda saa nane za usiku umelala. Hiyo ina kipimo chake, kamrija kembamba kanapitishwa puani kanakaa saa 24 kanarekodi asidi. Miaka yote hiyo hakuna daktari aliyenitajia! Sasa mtu unasemaje sina ugonjwa wakati hujapima kitu chenyewe?

Msije mkaacha dawa kienyeji kwa sababu ya huu uzi, muulizeni daktari wenu kwanza, kuna watu umio lao limeshaharibika vibaya hawatakiwi kuacha. Na kama chakula kinakwama kikishuka, unakonda bila sababu, unatapika damu au choo ni cheusi, usingoje kitu, nenda sasa hivi.

Mimi naanza upya. Nimeacha dawa tangu Jumatatu kwa maelekezo ya huyu daktari mpya, naandika hii saa tisa usiku nimekaa kitandani kifua kinawaka. Aliyewahi kuwekewa huo mrija wa saa 24 aniambie, unalalaje nao? Na kula unakula kawaida?