Kampuni ndogo ya California kuhamishia usajili jimbo jingine: inalipa kweli?

Mleta mada: Wakuu, hili nalileta kwa uchungu. Mimi na mke wangu tuna LLC (kampuni ambayo madeni yake kwa kawaida hayagusi mali binafsi ya wenyewe) ya kusafisha ofisi, Sacramento. California, LLC inalipa kodi isiyopungua dola 800 kwa mwaka, upate faida usipate. Mwaka juzi wakala mmoja akatushawishi tuhamishie usajili Wyoming, ambako ripoti ya mwaka inaanzia dola 60. Tukahama. Yaani makaratasi yalihama. Sisi, ndoo, madekio na wateja wote tukabaki Sacramento.

Kumbe California inaangalia kazi inafanyika wapi. Kampuni ya Wyoming ikifanya kazi huku, lazima ijisajili kama kampuni ya nje, dola 70, na ile 800 iko palepale. Ongeza 60 za Wyoming, na hela ya mtu wa kutupokelea barua kule, maana bila mwenye anwani ndani ya jimbo hawakusajili. Hata ile siri ya majina tuliyosifiwa iliyeyuka: fomu ya California inataka jina la meneja, na kama hakuna meneja, majina ya wanachama, yaani wenye LLC.

Msimamo wangu: kazi ikiwa ya mikono na wateja ni wa mtaani, usajili ubaki hapohapo. Na mawakala wanaouza "hamia, ukwepe kodi" bila kueleza haya, sheria iwabane. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana mkuu, lakini usitufungie mlango wote. Sisi tunatengeneza programu, na mwekezaji alisema wazi: bila kampuni ya hisa ya Delaware hatoi hela. Wanaipendea Mahakama yake ya Chancery, iliyopo tangu 1792. Anaamua jaji anayezijua kesi za kampuni, si jopo la raia.

Ila bili yetu ya kwanza ya kodi ya mwaka ilisoma dola 85,165! Miguu iliisha nguvu. Tulikuwa na hisa 10,000,000 kwenye karatasi, benki hamna kitu. Mhasibu akapiga hesabu kwa njia ya pili inayoruhusiwa, inayoangalia mali ya kampuni na hisa zilizokwisha kutolewa, ikashuka hadi 400. Msilipe kwa hofu.

Mchangiaji wa pili: Si Delaware hiyohiyo Tesla, wale wa magari ya umeme, waliikimbia? Januari 2024 Jaji Kathaleen McCormick wa mahakama hiyo alifuta malipo ya bosi wao Elon Musk ya karibu dola bilioni 56. Juni wenye hisa wakapiga kura kuhamia Texas. Mimi nami nilihamia Texas, ila nilihama kwelikweli: familia, gari la kazi, vyombo. LLC iligeuzwa, haikufungwa, hivyo EIN, namba ya kodi ya kampuni, ikabaki ileile na mikataba ikaendelea. Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, na kodi yake ya kampuni kwa 2024 na 2025 haikumgusa mwenye mapato yasiyozidi dola milioni 2.47. Mleta mada, kwa nini usirudishe usajili California?

Mleta mada: Ahsante ndugu yangu, ndicho tunachofanya, fomu ziko mezani. Lakini suala la mawakala hamjaligusa. Yule wetu mke wangu alimuuliza uso kwa uso: "California tutaendelea kulipa?" Akajibu, "Mkishahama, mmehama." Mtu wa hivyo arudishe hela ya mteja, au asirudishe?