Vipimo vya jeni kwa uvimbe wa ubongo: anasa au haki ya mgonjwa?

Mleta mada: Wadau, kaka yangu alianza kwa kupotewa na neno "kijiko". Anakishika, anakigeuzageuza, jina haliji. Akapasuliwa, kinyama kikaenda maabara, majibu yakarudi mstari mmoja: "glioma ya daraja la juu", yaani uvimbe mkali wa ubongo. Basi. Wakati tangu 2021 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ijulikane kama jeni inayoitwa IDH imebadilika au la, kabla uvimbe wa mtu mzima haujaitwa glioblastoma, glioma iliyo kali kuliko zote. Kwenye hadubini unaweza usitofautishe uvimbe wenye badiliko hilo na usio nalo, ila wagonjwa wenye mabadiliko ya IDH kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi. Bima ilipie kipimo hiki.

Mchangiaji 1: Pole sana mkuu, ila napinga. Watu wako foleni ya MRI na mionzi. Utafiti wa 2005 wa glioblastoma ulionyesha ukiongeza temozolomaidi, dawa ya saratani, kwenye mionzi, nusu ya wagonjwa wanaishi kuvuka miezi 14.6 badala ya 12.1. Hela iende huko. Na hawa watafiti wanaobishana uvimbe ulianzia seli shina za ubongo au seli changa za oligodendrosaiti (seli zinazofunika nyuzi za neva), wanamsaidia nani leo?

Mleta mada: Asante kwa pole. Foleni ya mionzi tumeipanga, naijua. Lakini kwenye wagonjwa wa utafiti huohuo, ambao jeni ya MGMT, inayosaidia uvimbe kurekebisha madhara ya dawa hiyo, ilikuwa imezimwa kwenye uvimbe, nusu yao waliopewa dawa walivuka miezi 21.7; wengine dawa iliwaongezea kidogo mno. Sisi tumeuza shamba kununua dawa hiyo bila kujua tuko upande gani! Na chimbuko la uvimbe si ubishi wa bure. Mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini walikuta, kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa glioblastoma waliowapima, mabadiliko yaleyale ya jeni za uvimbe kwenye seli za kando ya ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo), mahali pasipo na uvimbe. Kwa kawaida mpasuaji hagusi pale.

Mchangiaji 2: Niko maabara ya patholojia. IDH haianzi na mashine kubwa. Kuna rangi ya kingamwili, inapakwa kwenye kinyama kilekile, inanasa R132H, badiliko la IDH linaloonekana zaidi. Kwa mwenye miaka 55 kwenda juu na uvimbe wenye sura kamili ya glioblastoma, rangi isiposhika mwongozo unaruhusu kuishia hapo. Chini ya umri huo, ndipo jeni isomwe. Kaka ana miaka mingapi? Kinyama chake kimegandishwa kwenye nta, maabara wanakitunza. Kiombeni.

Mleta mada: Ana 38. Kesho asubuhi niko mlangoni kwao.