Tuisheni inayofundisha uongo kuhusu neno "news" na kuwakata watoto alama

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kituo kimoja cha tuisheni hapa Tandika, ambacho ada yake hulipwa kabla mtoto hajakaa kwenye benchi, kimewagawia wanafunzi wa kidato cha pili pamfleti inayodai kwamba "news" ni kifupisho cha majina ya Kiingereza ya pande nne za dunia, eti kwa kuwa habari hutoka kaskazini, mashariki, magharibi na kusini. Binti yangu alijibu kwenye jaribio kwamba neno hilo linatokana na "new", akawekewa kosa kwa kalamu nyekundu.

Alichoandika ndicho sahihi. Tangu mwishoni mwa karne ya 14 Waingereza walikipa kivumishi "new" umbo la wingi, wakifuata Kifaransa cha kale kilichoita habari "noveles", yaani mambo mapya. Tahajia ilikuwa bado haijatulia, na vijarida vya habari vilivyochapwa London mwaka 1622 viliandika "newes". Sasa mwalimu atueleze hiyo "e" ya pili ni upande gani wa dunia! Isitoshe, mtindo wa kuunda maneno kwa herufi za mwanzo umeshamiri katika karne ya 20 tu.

Ukurasa huohuo unafundisha "the news are good". Kosa hili naweza kulielewa, maana sisi husema habari zimefika, na ile "s" ya mwisho humhadaa mtu. Lakini Kiingereza cha leo hulitumia neno hilo kwa umoja, "the news is good", na habari moja ni "a piece of news", kamwe si "a news". Shakespeare aliandika "these news", sawa, ila yeye hafanyi mtihani wa kidato cha pili.

Nilipompigia simu mwalimu, alinijibu kwamba ameyatoa intaneti na kwamba wazazi tusiingilie kazi yake. Kamusi hakufungua, na hakuona haya kuniambia hivyo.

Ninachodai ni binti yangu arudishiwe alama zake na ukurasa huo uondolewe kabla ya mitihani ya muhula. Mzazi yeyote wa Tandika, Temeke au Mbagala ambaye mwanawe amepewa pamfleti yenye maelezo hayo aniandikie hapa, ili Jumamosi twende pamoja kwa mwenye kituo.