Nimepata chuo Bayreuth, Ujerumani. Nafikaje, na mji wenyewe ukoje?

Mwana_Moro
Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Nimepata nafasi ya kusoma uzamili Chuo Kikuu cha Bayreuth, naanza Oktoba. Viza imetoka, Mungu mkubwa. Mimi sijawahi kuvuka hata Namanga. Tiketi ya bei ya chini niliyoiona inanishusha Frankfurt Jumamosi saa kumi jioni. Kutoka hapo nafikaje? Na mji ukoje? Habari za wafalme na muziki nimeshasoma mpaka basi, nataka kujua wa kukaa ukoje.

Seremala_wa_Chumbageni
Hongera sana mdogo wangu. Nimekaa pale miaka mitatu, nikuambie yale ambayo mimi sikuambiwa.

Hiyo Jumamosi iache. Mimi niliingia Jumamosi usiku. Funguo za hosteli anakaa nazo mtu wanayemwita Hausmeister, na ana saa zake, siku za kazi tu. Nilichokuta ni mlango uliofungwa, karatasi ya saa za ofisi na mvua. Kijana mmoja wa Kisumu alinionea huruma, nikalala sakafuni kwake mpaka Jumatatu. Jumapili tukatoka kutafuta mkate, mji mzima kimya, maduka yamefungwa. Nikamuuliza kuna msiba? Akacheka mpaka akakaa chini. Kule Jumapili maduka mengi hayafunguliwi. Kwa hiyo fika katikati ya wiki, na uwaandikie mapema siku na saa utakayofika.

Sasa safari. Kiwanja cha Frankfurt kina stesheni mbili. Wewe fuata kibao cha Fernbahnhof, ndiyo ya treni za mbali. Panda ya Nürnberg, ni zaidi ya saa mbili. Treni za kasi haziendi Bayreuth, kwa hiyo Nürnberg unashuka na kuingia treni ya mkoa, kama saa moja hivi. Mtego uko hapo. Treni nyingi za njia ile zinatoka Nürnberg zimeunganishwa mbili, zikifika kituo cha Pegnitz zinakatwa: kipande kimoja kinakwenda Bayreuth, kingine kinakwenda Marktredwitz. Mimi nilikuwa nimekaa vizuri, begi juu, nakula korosho zangu. Kipaza sauti kikasema maneno, nikasikia "Pegnitz" tu. Niliposhtuka, nje ni misitu na kituo kisicho hata na mtu wa kumuuliza. Ndiyo maana nikafika usiku. Kabla hujakaa, soma maandishi ubavuni mwa behewa lenyewe, usisome ya jukwaani peke yake. Ukiona neno Zugteilung ujue treni itakatwa, muulize jirani: "Bayreuth?" Watakujibu, si watu wabaya, hawaanzi wao tu.

Mji ni mdogo, watu elfu sabini na kitu. Chuo chenyewe ni cha 1975, majengo ya zege kusini mwa mji, usitegemee minara. Lakini kina bustani ya mimea, kiingilio bure, na ndani ya nyumba za vioo kuna joto na migomba. Januari nilikuwa naingia mle bila shughuli yoyote, nakaa tu nusu saa navuta harufu ya udongo uliolowa.

Mambo ya opera siyajui, ila marehemu baba alikuwa seremala, kwa hiyo hili nitalisema. Kuna ukumbi wa kifalme wa miaka ya 1740, aliyeujenga ni Wilhelmine, dada yake mfalme Frederick wa Prussia. UNESCO waliuorodhesha 2012. Ukiingia unaona nguzo, malaika, dhahabu. Sogea karibu: ni mbao tupu na turubai iliyopakwa rangi! Nilisimama pale natafuta maungio mpaka mlinzi akaanza kunifuatafuata.

Dada_wa_Nürnberg
Seremala amemaliza, naongeza la pesa. Fedha uliyoweka Sperrkonto, ile akaunti inayofungwa, kwa ajili ya viza hutaigusa siku unayoshuka. Unajiandikisha kwanza manispaa na hati ya nyumba unayokaa, unafungua akaunti ya benki, ndipo zile euro 992 za mwezi zinaanza kuingia. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Njoo na euro za kukutosha mwezi wa kwanza, na usizitie kwenye begi kubwa.
Na ndugu wakitaka kukutembelea, wasije kati ya mwisho wa Julai na Agosti. Ni tamasha la opera za mtunzi Wagner, vyumba vya hoteli havishikiki.

Mlamu_Ughaibuni
Mpwa, usiogope upweke wa lugha. Kiswahili kinafundishwa pale pale chuoni, na kongamano la Kiswahili lipo tangu 1987. Nilipokwenda mara ya kwanza, Mjerumani alinisomea beti za utenzi wa kwetu, akaniuliza neno moja maana yake nini. Sikulijua. Nikampigia bibi Lamu usiku huohuo.

Mwana_Moro
Asanteni mno. Nimebadilisha tiketi, nafika Jumanne asubuhi, nimeongeza laki mbili lakini potelea mbali. Jina Pegnitz nimeliandika nyuma ya pasi ya kuingilia ndegeni. Swali la mwisho, msinicheke: dagaa zinapita forodhani?

Seremala_wa_Chumbageni
Samaki mkavu wa kula mwenyewe anaruhusiwa, hadi kilo 20. Nyama na maziwa usithubutu. Ila zifunge mifuko mitatu, na siku ya kuzikaanga fungua dirisha kwanza, jiko la hosteli ni la ghorofa nzima. Mimi nilibandikiwa barua mlangoni.