Naomba ushauri: kumpeleka mama Ngorongoro kutoka Mombasa

Ndugu zangu, natanguliza salamu. Mama yangu mzazi, ambaye ana umri wa miaka 68 na hajawahi kuishi nje ya kisiwa hiki chetu, ametamani kwa muda mrefu kuiona Ngorongoro, na mwaka huu tumekusudia kumtimizia.

Ninavyofahamu, bonde lile ni volkano iliyozimika, ambayo kilele chake kilididimia zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, kikaacha shimo lenye kina cha mita 600 hivi na sakafu ya kilomita za mraba 260 hivi, ambako sasa nyumbu, pundamilia, simba na hata faru weusi hupata maji na malisho mwaka mzima. (Twiga hawateremki humo; mama alisikitika kidogo kusikia hivyo.)

Kinachonitia wasiwasi ni afya yake. Ana pumu, na ukingo wa bonde uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwenye ukungu na baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuijui. Je, tulale ukingoni, au ni afadhali tulale Karatu, mji ulio karibu na lango la hifadhi, na kuteremka bondeni asubuhi?

Pia, kwa waliopita Voi, Taveta na Holili kwa gari binafsi, naomba mnieleze ni hati zipi huhitajika mpakani, na kama ni busara kuliacha gari Arusha na kukodi la huko lenye dereva mzoefu wa mteremko ule.